Ng'ombe Aliyempeleka Kioko Chuoni

Habari ya kifo cha Baba Naserian ilinikuta jikoni kwa kaka yangu Kioko, asubuhi, yeye akikanda unga wa mandazi na mimi nikinywa chai yake huku nikilalamika kwamba ameweka tangawizi ya kutosha mtaa mzima. Naserian mwenyewe ndiye aliyenipigia. Tulisoma naye darasa moja, kwa hiyo hakuzunguka: mzee ameenda, atazikwa Jumamosi nyumbani kwao nje ya Kajiado, waambie watu wa Noonkopir. Nilimwambia Kioko. Aliendelea kukanda. Kioko hasimamishi mikono kwa sababu ya maneno, awe amefurahi au ameumia, na aliyemzoea hujua kwamba jibu liko njiani, kazi ni kusubiri tu. Alisukuma donge, akalikata vipande, akatia vya kwanza kwenye mafuta. Vilipoanza kufura ndipo aliponigeukia na kuuliza, "Sasa nani ataniita Pakiteng?"

Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijazoea kuulizwa swali nikabaki nimeshika kikombe, lakini lile lilinishinda. Pakiteng ni jina ambalo Kioko alikuwa akiitana na mtu mmoja tu duniani, Baba Naserian. Ili mtu aelewe kwa nini mwanamume wa miaka hamsini na kitu anaweza kusimama mbele ya karai la mafuta akilihofia jina, inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao Kioko alitakiwa kwenda chuo na sisi sote tulikuwa na hakika kwamba tunajua anachotaka.

Tuliishi Noonkopir, mtaa wa Kitengela, wakati ambapo kati ya nyumba na nyumba bado kulikuwa na nyasi za kutosha punda kulala. Vyumba viwili vya mabati, vilivyotenganishwa kwa mbao zenye nyufa, na jiko upande wa nyuma ambalo moshi wake uliingia ndani kila upepo ulipogeuka. Mama alikuwa akishona mashati kwenye kiwanda kimoja huko Athi River. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Kioko, anayenizidi miaka miwili, naye alikuwa amemaliza darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, darasa ambalo kila mtu aliliita special, lakini kumaliza kwenyewe hakukuwa na mtihani wala sherehe. Mwalimu wake alimwita Mama pembeni akamwambia kwa upole kwamba kijana ameota ndevu, hawezi kuendelea kukaa dawati moja na watoto wadogo. Basi, akarudi nyumbani. Mimi kila mgeni aliyeingia aliniuliza nitasomea nini. Kioko alikuwa ameketi palepale, na swali lilimruka kana kwamba ni kiti.

Kuna jambo jingine nililoanza kuliona mwaka huo, pengine kwa sababu sikuwa na shughuli. Kwetu Wakamba, na hata kwa majirani zetu, mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza alikuwa Kioko. Lakini mtaa mzima ulimwita Mama "Mama Ndinda", kwa jina langu mimi wa pili. Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akipepeta muthokoi kwenye ungo, yale mahindi yaliyokobolewa tuliyokula karibu kila Jumapili. Akasema ndivyo watu walivyozoea, kisha akaniuliza kama kuku wamefungiwa, na ilikuwa saa saba mchana.

Nilikuwa msichana mdadisi, wengine wangesema mwenye umbea, na kitu kilichonishughulisha zaidi mwaka ule kilikuwa kichwa cha kaka yangu. Nilitaka kujua mna nini mle ndani. Alikuwa akiitazama sahani ya chakula kwa muda kabla ya kugusa, kama mtu anayesoma gazeti. Alipanga mitungi ya maji kwa rangi na hakukubali tuipange vingine. Alikuwa anasema kidogo na polepole, na sisi wa nyumbani tulikuwa tumepata ustadi mbaya wa kumalizia sentensi zake. Mtu pekee aliyemwacha akamaliza alikuwa Baba Naserian, mwenye kisima tulikoteka maji. Alikuwa Mmaasai wa makamo, mnene kidogo, mwenye ng'ombe wengi na duka dogo la dawa za mifugo, na alikuwa mchezaji wa drafti asiyeona aibu kusogeza kete mwenzake akigeuka kupiga chafya. Kwao salamu si neno moja. Mkikutana, mmoja humweleza mwenzake habari zote tangu walipoachana, mwingine akiitikia "ee" kila kituo, kisha wanabadilishana. Kioko aliipenda desturi hiyo kuliko sisi sote. Angeweka mtungi chini na kusimulia: kuku ametaga, Mama anakohoa, Ndinda amevunja kikombe. Baba Naserian angeitikia "ee" mpaka mwisho, hata wateja wakimsubiri dukani.

Habari ya chuo ililetwa na yule mwalimu wake wa special. Alisikia kwamba kuna chuo kidogo cha ufundi huko Kajiado, chenye tanuri la mikate, na kwamba mkuu wa chuo, mama mmoja wa Kisii aliyeitwa Madam Kerubo, alikuwa amempokea msichana wa namna ya Kioko na hajajuta. Mama alingoja siku yake ya mapumziko akatupeleka sote wawili. Ofisi ya Madam Kerubo ilikuwa pia stoo: magunia ya unga nyuma ya kiti chake, makopo ya samli juu ya kabati, na harufu ya mkate iliyonifanya nisahau adabu nikameza mate kwa sauti. Aliuliza maswali, Mama akajibu. Anaweza kujioshea nguo? Anaweza. Anakasirika? Hakasiriki. Kisha akamgeukia Kioko mwenyewe akamwuliza kama anataka kuja. Mama akasema, anataka, sana tu. Madam Kerubo hakumtazama. "Sikuuliza wewe, mama," alisema. "Nangoja yeye."

Tulingoja. Mama alivuta kitambaa cha kichwa, mimi nikahesabu magunia. Hatimaye Kioko akauliza mkate unatoka saa ngapi. Madam Kerubo akacheka, akasema unatoka sasa hivi, akatupeleka nyuma. Kioko alisimama mbele ya tanuri mpaka nyusi zake zikakaribia kuungua, na mwanafunzi mmoja alipotoa mikate kwa mti mrefu, aliisogelea na kuinusa mmoja mmoja. Mama aliona hilo ni jibu. Madam Kerubo alisema nafasi ipo, ila karo ilipwe kabla ya kufungua kwa sababu ndiyo inayonunua unga, na kwamba siku ya kufungua atamwuliza Kioko tena palepale langoni. Akisema hapana, tutarudi naye. Alikuwa amechoka, alisema, kupokea watoto wanaoletwa kama mizigo.

Karo hatukuwa nayo. Kulikuwa na basari ya serikali kwa wanafunzi wasiojiweza, na Mama alidhani kama kuna mtu asiyejiweza kwa maana zote mbili, basi ni sisi. Tulienda ofisi moja pale Kajiado, tukakaa kwenye benchi la korido lililokuwa na mguu mfupi, hivyo kila mtu akiinuka waliobaki walikaa upya. Karani alikuwa mtu mpole, sitamsingizia. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho. Kisha akaomba matokeo ya mtihani. Mama akaeleza kwamba Kioko hakufanya mtihani, kwamba darasa lao halina mtihani. Karani akageuza karatasi yake mbele na nyuma akitafuta mahali, kwa kweli alitafuta, nilimwona. "Mama, hii pesa ni ya mwanafunzi," alisema. "Na mwanafunzi ni mtu ako na namba ya mtihani. Huyu nitaandika ni nani?" Kioko alikuwa amesimama nyuma yetu. Tulipotoka aliniuliza kama yule mtu amesahau jina lake, na kama arudi akamwambie. Nilimwambia aache, tumechelewa.

Ikabaki harambee. Mjomba Mutiso, kaka yake Mama, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, ndiye aliyeisimamia, na Mutiso alikuwa na sauti inayoweza kukuuzia viatu vyako mwenyewe. Jumapili mchana uwanja wetu ulijaa viti vya kuazima kanisani. Mama na wanawake wa kwaya walipika pilau, chai ikachemshwa kwenye sufuria la kuogeshea watoto, na Kioko akapewa birika na kazi ya kuwamiminia wageni. Mutiso akapiga mnada. Jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha mezani kwa heshima ya shughuli, na mwishowe jogoo mwenyewe alionekana kuzoea. Watu walitoa walichoweza. Lakini niliona uso wa Mama kila mhesabu fedha alipomnong'oneza Mutiso, nikajua hatujafika.

Wakati huo ndipo Baba Naserian alipoingia langoni, koti la suti juu ya shuka, akimswaga mbele yake kwa fimbo ng'ombe jike mwekundu mwenye doa jeupe shingoni. Watu walishangilia. Mutiso hakuweza kujizuia. Akainua mkono wake, akaanza kuita bei, na mtu wa nyuma akaitikia. Baba Naserian akasimama katikati ya uwanja. "Mutiso, ngoja. Hii sio ya mnada," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. Akampita Mutiso, akampita Mama, akamfikia Kioko na birika lake. "Kioko, ng'ombe hii ni yako. Kutoka leo sitakuita Kioko. Nitakuita Pakiteng. Na wewe pia utaniita Pakiteng."

Naserian, aliyekuwa ameketi nami, alinieleza sikioni. Kwao mtu akimpa mwenzake mnyama, wawili hao huacha majina yao na kuitana kwa mnyama huyo. Wa kondoo wana lao, wa mbuzi wana lao, na wa ng'ombe ndilo hili. Si jina la kupewa kila mtu, alisema, na baba yake ana watu wachache tu anaoitana nao hivyo, wote wazee wenye heshima zao. Kioko aliweka birika chini. Alilijaribu neno kwa sauti ndogo. Baba Naserian akaitikia. Akalisema tena, kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kumwona amesimama vile, mabega yake yameachana na masikio. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa kufurahi mbele za watu.

Wakubwa hawakufurahi. Nasema wakubwa, maana mimi na Kioko tulikuwa tunakula upande mmoja wa mbao na wao wakizungumza upande wa pili, na zile nyufa hazikuficha kitu. Mutiso alisema tumeaibishwa. Ng'ombe asiyepigwa mnada ni ng'ombe asiyeuzwa, na ng'ombe asiyeuzwa atalipa karo gani? Wamaasai na ng'ombe zao, alisema, ukimwuza na mwenyewe akasikia, ni ugomvi wa maisha. Mama akamwambia anyamaze, Kioko atasikia. "Hata akisikia?" Mutiso akajibu. Kisha wakapanga. Siku ya soko Mutiso atampeleka ng'ombe Kajiado mapema, amwuze kimyakimya, na mzee akiuliza tutasema amehamishiwa malisho ya Machakos. Nilimtazama Kioko. Alikuwa anaitazama sahani yake kama kawaida, ila hakuanza kula.

Asubuhi ya soko tulimkuta ameketi chini karibu na ng'ombe, kamba ameizungusha mkononi. Hakukubali chai. Hakukubali kuinuka. Mutiso alimbembeleza kwa maneno ya chuo, mikate, tanuri, nguo nyeupe za mpishi. Kioko akasema, "Siendi chuo." Alisema mara moja tu, na hilo ndilo lililotutisha, maana Kioko hasemi asichomaanisha. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu, na yule mama alikuwa ameahidi kumwuliza langoni. Mutiso akafungua mikono yake. Mnaona, alisema, hajui hata chuo ni kitu gani, mnataka kumpeleka akasumbue watu. Mama akaketi juu ya mtungi wa maji, na nikamsikia akisema, chini kabisa, kwamba labda ni kweli, labda ni yeye Mama ndiye aliyetaka chuo. Iliniuma kuliko maneno ya Mutiso.

Niliketi kwenye vumbi karibu na kaka yangu. Sikuwa na hekima yoyote, nilitaka tu kujua. Nikamwuliza kwa nini hataki, na safari hii nikajizuia kumalizia. Ng'ombe alicheua, akameza, akacheua tena. Mutiso akaangalia saa. Mwishowe Kioko akasema, "Mkiuza, ataniita nani?" Nikauliza, nani, Baba Naserian? "Ataniita Kioko," alisema. "Ama ataniita ile ingine." Ile nyingine ilikuwa ni jina ambalo watoto wa mtaa walimwita wakimfuata kisimani, na ambalo sitaliandika hapa. Mama alilisikia. Aliinuka kwenye mtungi, akafuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu, akasema, "Twende kwa mwenyewe."

Tulimkuta Baba Naserian dukani akipanga chupa za dawa ya kupe. Mama alikuwa na hotuba ya kuomba radhi, lakini Kioko alitangulia, na Kioko akianza na mzee huyo huanza mwanzo. Kuku wawili wanaatamia. Kikohozi cha Mama kimepungua. Jogoo wa harambee amechinjwa. Mutiso alikuwa anahema kama amekimbia. "Ee," alisema Baba Naserian. "Ee." Ndipo Kioko akafikia ng'ombe: wanataka kumwuza, wanataka usijue, watasema ameenda Machakos.

Nilitamani duka liniangukie. Baba Naserian alimtazama Mutiso kwa muda, kisha, kwa bahati mbaya yangu, akanigeukia mimi. "Wewe msomi. Ng'ombe ni ya nani?" Nikasema ni ya Kioko. "Mmeuliza yeye?" Akaeleza, bila hasira, kwamba alikatiza mnada kwa sababu hajawahi kuona ng'ombe wa mtu akiitwa bei mbele ya mwenyewe bila mwenyewe kuulizwa. Hakusema ng'ombe asiuzwe. "Kwani mlifikiria nimempa ili alipe karo kwa maziwa?" Kisha akamgeukia Kioko. Baba yake yeye mwenyewe, alisema, alikuwa na Pakiteng wake upande wa Namanga, na ng'ombe wao alikufa kwa ukame kabla yeye Baba Naserian hajazaliwa. Waliendelea kuitana hivyo mpaka wakawa wazee wasio na meno. "Ukiuza leo, mimi nitakuita Pakiteng. Hata wakimla leo."

Mama akashusha pumzi. Sote tulidhani yamekwisha. Kioko alifikiri. "Nitaona," alisema.

Basi tukaenda soko la Kajiado tukiwa ujumbe mzima, na Baba Naserian akafunga duka lake akatufuata. Wanunuzi walimwendea Mutiso, kwa sababu Mutiso ana sura ya mtu wa kuuza, na nilimpenda mjomba wangu siku ile, maana kila walipomwuliza bei alionyesha kwa kidevu: "Mwenyewe ni huyo." Kioko alitingisha kichwa kwa wawili wa kwanza. Wa tatu alimpapasa ng'ombe mgongoni kabla ya kumkagua meno, na Kioko akakubali. Bei ilipatanwa na Baba Naserian, ambaye aliibishania kana kwamba anamwuza wa kwake. Ng'ombe akapandishwa kwenye lori pamoja na wengine.

Kioko akamgeukia mzee. "Niite."

"Pakiteng," akasema Baba Naserian.

"Ngoja," akasema Kioko. Lori likawashwa. Likatoka nje ya boma la soko, likaingia barabara ya Namanga. "Niite tena." Akaitwa tena. Hakutosheka. Akaendelea kutazama, na sisi tukatazama naye, mjomba, Mama, mimi na mzee mnene aliyeacha duka lake, mpaka lori likawa halionekani na vumbi lake likatulia. Sasa hakusema aitwe. Alisubiri tu. Baba Naserian alielewa. Alimwendea mpaka karibu, akampa mkono kama wanavyosalimiana watu waliokutana baada ya miezi, akasema, "Pakiteng, habari zako?"

Kioko akampa habari zote. Alipomaliza akamwambia Mama, "Twende tulipe."

Jumatatu Madam Kerubo alikuwa langoni kama alivyoahidi, ufunguo mkononi. Alimwuliza kama anataka kuja. Mama alijiuma mdomo, nilimwona. Kioko akajibu, "Nimeuza ng'ombe yangu." Madam Kerubo alimtazama, akatutazama sisi, akamfungulia lango bila kuongeza swali.

Singependa mtu adhani mambo yalinyooka kuanzia hapo. Muhula wa kwanza wenzake walijifunza mikate ya aina nyingi na keki juu yake; Kioko alijifunza mkate mmoja. Madam Kerubo alimpakia rangi makopo ya kupimia, jekundu la unga, la buluu la sukari, na wanafunzi wengine waliocheka mwanzoni wakaanza kuyaiba kwa sababu yaliwarahisishia. Aliunguza tanuri zima siku moja na akakataa kulala mpaka aruhusiwe kuoka upya. Mwaka wa pili ng'ombe alikuwa ameisha, na Mama na Madam Kerubo waligonga milango ambayo ningehitaji kitabu kingine kuieleza. Wapo waliosoma naye special ambao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, na hao nikikutana nao Kitengela leo huwa wameketi nje ya nyumba za ndugu zao, wazee sasa, na hakuna anayewauliza lolote. Baadaye nilipokuwa mwalimu niliwahi kukaa kwenye kamati ya kugawa basari, na nikasikia mwenzangu, mtu mwema, akimwuliza mama mmoja namba ya mtihani ya binti yake. Nilikuwa na hasira hata kalamu ikaniponyoka. Tulimpa yule binti, lakini ilibidi nipige meza.

Ila likizo ya kwanza, hiyo ilikuwa yetu. Kioko alirudi na mikate kwenye katoni, ileile ya aina moja, tukaila na chai mpaka tukashindwa kuinuka. Habari ikapita mtaani. Asubuhi iliyofuata mwanamke wa nyumba ya tatu alisimama mlangoni akapiga hodi. "Mama Kioko, mkate umebaki?" Mama alikuwa ameinamia beseni la nguo. Aligeuka kwanza nyuma, akatazama uani kama kuna mtu mwingine anayeitwa, na alipoona hakuna, akajibu kwa sauti isiyokuwa yake kwamba umebaki. Alizikwa kwa jina hilo.

Jumamosi tulienda kumzika Baba Naserian. Kioko aliniomba nimpigie pasi shati jeupe, kisha akalirudia mwenyewe kwa sababu sikunyoosha kola. Mandazi ya waombolezaji alikuwa ameyapika yeye, ndoo tatu, bila kuombwa. Hakuwa amerudia lile swali lake la jikoni, na mimi njia nzima nilikuwa nikitunga majibu. Nilifikiri nimwambie kwamba Naserian atamwita hivyo. Nilifikiri nijitolee mimi. Yote yalinuka uongo, kwa sababu Naserian hakumpa ng'ombe, wala mimi.

Baada ya wachungaji na viongozi kusema yao, mwenye kuongoza shughuli aliuliza kama kuna jirani wa Noonkopir. Kioko akainuka. Nilinyoosha mkono nimvute koti, kisha nikaurudisha. Alipita katikati ya viti, akachukua kipaza sauti, akasimama kando ya jeneza lililokuwa bado halijateremshwa. Wengi hawakumjua. Niliona vijana wakiulizana.

"Pakiteng," alisema.

Alisubiri. Alisubiri vile tunavyomsubiri yeye, bila haraka, kichwa kimeinama upande kidogo. Mmoja wa wazee wa Kimaasai waliokuwa mbele akavua kofia. Mama Naserian alikuwa analia bila sauti. Nadhani wengine waliamini amesahau la kusema. Mimi nilijua anaangalia kama vumbi limetulia.

"Hajibu," Kioko akawaambia watu. "Lakini ni yeye."

Akampa habari zote, kuanzia kuku, akaitikia mwenyewe "ee" kila kituo. Kisha akarudisha kipaza sauti, akaja kuketi karibu nami na kuniuliza kama nimeona watu wamependa mandazi.